Picha ya Kichwa Changu Iliyopata Tuzo

Kichwa changu kiliwahi kushinda tuzo ng'ambo. Mimi mwenyewe sikuwepo. Siku hiyo nilikuwa Kakuma, nikifundisha darasa la nne hesabu za sehemu.

Naeleza habari hii kwa sababu Lodwar wako watu wanaoisimulia kwa namna zao. Wengine husema nilipelekwa Ulaya nikafunguliwa kichwa mbele ya umati. Wengine husema nilipewa gari nikaliuza kimyakimya. Sijawahi kuwa na gari. Mambo yalikwenda hivi.

Miaka ile ya tisini kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa bado changa, na shule zake zilihitaji walimu kuliko zilivyohitaji madawati. Mimi nilikuwa msichana wa Lodwar niliyemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa. Darasa moja tulifundisha wawili: mimi, na mwalimu mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mwanamume mrefu mno, Mkristo wa kusali kabla ya kila kipindi, hata cha mazoezi ya viungo. Ubao tuligawana kwa kimo. Nusu ya juu ilikuwa yake na nusu ya chini ilikuwa yangu.

Kichwa kilianza kuniuma asubuhi. Sikushtuka, maana Kakuma kila mtu huumwa kichwa; jua la pale halimkopeshi mtu kivuli. Kisha nikaanza kutapika, nikalaumu maji. Kisha nikaanza kuona kila mtoto mara mbili. Darasa lililokuwa limejaa likajaa zaidi, nami nikaendelea kufundisha.

Siku moja nilikuwa naandika hesabu, mwenzangu akasimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "ubao imeisha."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeupita ubao na kuendelea kuandika ukutani, kwenye udongo mtupu. Watoto walikuwa wamenakili zote, za ubaoni na za ukutani, kwa sababu walikuwa watoto watiifu.

"Malesh," akaniambia, neno lao la pole. "Twende hospitali."

"Nina kipindi."

"Kipindi nitachukua mimi. Kichwa yako kwanza."

Kutoka kambini nilipelekwa Lodwar kwa gari la wagonjwa. Pale nilimkuta daktari kijana, mwanamke wa Meru, aliyekuwa anasomea ng'ambo kazi ya kupiga na kusoma picha za ubongo. Alikuwa amekuja Turkana kwa utafiti wake. Alinimulika machoni, akanigonga magoti, akaniambia nitembee kwa mstari ulionyooka hadi mlangoni. Nikatembea. Nilipofika, nilikuwa kwenye kabati.

"Nyumbani kwenu kuna mbwa?" akauliza.

"Wapo."

"Wengi?"

"Muulize mama."

Mama alikuwa amekaa pale pale, anasuka kikapu cha mkoma. Alikuwa na desturi ya kusuka popote, kanisani, hospitalini, hata matangani. Nikamtafsiria kwa Kiturkana. Daktari alieleza kwamba mbwa hubeba mnyoo fulani, na mayai ya mnyoo huo yakimwingia mtu hugeuka kuwa mfuko wa maji ambao hukua polepole kwa miaka. Ugonjwa huo tuliujua, lakini tuliujua tumboni. Mtu alivimba kama mjamzito, hazai, mpaka apasuliwe atolewe mifuko. Kwamba mfuko kama huo unaweza kukaa kichwani, hilo lilikuwa jipya kwetu sote.

Mama akaweka kikapu chini. "Mwambie mbwa wetu hawana uchawi."

"Anasema si uchawi, mama. Ni minyoo."

"Bibi yake mbwa wetu mweusi ndiye aliyekulea wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu mbwa humsafisha mtoto mchanga akijichafua, na mama anapata nafasi ya kuteka maji. Daktari akasema hapo hasa ndipo shida inapoanzia. Mama akamjibu kwamba kama ni hivyo, nusu ya Lodwar ingekuwa na maji kichwani. Daktari akainamia faili lake, nadhani kwa adabu.

Kwenye kitanda kilicho jirani na changu alilala mwanamke wa Kaaleng, kule kaskazini, mke wa mfugaji, mtu wa makamo, shanga zimemjaa shingoni mpaka kidevuni. Naye alikuwa anaumwa kichwa na mkono wake mmoja ulikuwa umeanza kufa ganzi. Alikuwa mcheshi kwa namna ya kukera. Aliponiona ninavyopapasa kikombe cha chai pembeni ya pale kilipo, alikisogeza mkononi mwangu, halafu akauliza wodi nzima kama kweli mimi ndiye ninayefundisha watoto wa watu.

Mashine ya kupiga picha ya kichwa haikuwepo Turkana. Ilikuwa Nairobi. Daktari akatupakia mimi na mwanamke huyo wa Kaaleng kwenye gari la utafiti, tukapanda milima mpaka Kitale, ambako mgonjwa mwenzangu alijifunika blanketi mbili na kutazama mashamba ya mahindi yasiyokwisha.

"Nani anakula haya yote?" akauliza.

"Sisi," nikamwambia. "Ndiyo unga wa posho mnaonunua dukani."

Akayatazama tena, akasema basi ukiyaona hapa yalivyo mengi, huelewi kwa nini sahani huwa ndogo.

Hospitalini Nairobi walimwambia avue vyuma na shanga. Hereni alivua. Shanga akakataa kabisa. Kwetu mwanamke huvua shanga akifiwa, na yeye mumewe alikuwa hai, anachunga. Akaniambia nimwambie mpiga picha kwamba picha ni ya kichwa, si ya shingo. Mpiga picha akafikiri, akasema ni sawa, mradi asitikise kichwa.

Mashine yenyewe ilikuwa kama pete kubwa, na mtu anaingizwa kichwa ndani yake akiwa amelala chali. Niliambiwa nitulie nisijitikise. Nikajitahidi pia kufikiria jambo la maana, kwa kuwa picha ilikuwa ya ubongo na sikutaka nionekane mjinga. Nikasoma kimoyomoyo jedwali la tisa mpaka mwisho.

Daktari alituita kuona picha. Aliiweka yangu kwenye kisanduku chenye taa. Palikuwa na fuvu langu, jeupe, na ndani yake, upande wa kulia, duara jeusi lisilo na doa, lililozunguka sawasawa kama limechorwa kwa bikari.

"Nzuri sana," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akasikia alichosema. "Samahani. Nilimaanisha picha."

Sikukasirika. Tangu nianze kuugua, ndilo neno zuri la kwanza lililokuwa limesemwa kuhusu kichwa changu.

Picha ya mwenzangu nayo ilikuwa na duara, ila dogo, na lilikaa nyuma upande wa kushoto. Akafurahi. "Mwalimu ana yai la mbuni," akasema. "Mimi nina la kanga tu."

Daktari akasema yote mawili lazima yatolewe, na yatolewe mapema. Nikamtafsiria. Mwanamke akatikisa kichwa.

"Nitarudi mvua ikinyesha. Sasa mbuzi wanazaa."

"Mama, mfuko huu ukipasuka ndani, hatutakuwa na la kufanya."

"Umekaa miaka yote kimya. Utapasuka leo kwa sababu wewe umeuona?"

Daktari alijibu kwa maneno mengi, nami nikayatafsiri yote kadiri nilivyoweza. Alimweleza kuhusu degedege, kuhusu macho, kuhusu kuanguka motoni. Mwanamke akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza gari linarudi lini.

Kabla mwanamke hajaondoka, daktari alituomba jambo moja. Alitaka kutumia picha zetu kufundishia madaktari wengine. Akasema majina yetu hayatatajwa kokote.

"Kwa nini langu lisitajwe?" mwanamke akauliza. "Nina jina zuri."

"Ndiyo sheria, mama. Ni kwa kukulinda."

"Haya. Tumieni." Akanigeukia mimi, akanibana mkono. "Wakikufungua, waambie wakifunga warudishe kila kitu."

Mimi nilipasuliwa wiki iliyofuata. Walininyoa, wakanilaza, na daktari wa upasuaji, kama nilivyoelezwa baadaye, hakuuvuta ule mfuko kwa chuma. Alipitisha maji chini yake taratibu mpaka ukaelea, ukatoka wenyewe ukiwa mzima. Ungepasuka, nisingekuwa naandika haya. Nilipozinduka daktari wangu wa Meru alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Unaona vidole vingapi?"

"Viwili."

"Na madaktari wangapi?"

"Mmoja," nikasema, na yeye akavuta kiti akakaa.

Nilirudi Lodwar na kitambaa kichwani. Mama alinipokea kwa kunishika kichwa pande zote mbili, akakigeuzageuza kama anayechagua tikiti sokoni, akaridhika. Mbwa walikuwa wamehamishiwa kwa mjomba. Mweusi alirudi mwenyewe jioni ileile, akafungwa mbali na vyombo, na mama akawa anamtupia chakula bila kumtazama usoni.

Mvua ikanyesha. Mwanamke wa Kaaleng hakuja. Daktari alituma ujumbe kwa kila gari lililokuwa likielekea kaskazini, kisha masomo yakamwita ng'ambo akaondoka. Nilikuwa nimerudi kufundisha. Mkono wangu wa kushoto ulibaki mzito kidogo, lakini watoto niliwaona mmojammoja, na mwalimu mwenzangu alikuwa amenishushia mstari wa kugawana ubao ili nisijinyooshe sana.

Nilipokwenda Lodwar kuangaliwa kidonda, nilimkuta yule mwanamke wa Kaaleng wodini. Walikuwa wamemleta kwa lori la mbuzi. Macho yalikuwa wazi lakini maneno yalikuwa yamemkauka.

"Ejok," nikamsalimu.

Hakuitikia. Nikakaa. Baada ya muda akanyanyua mkono wake uliokuwa bado mzima, akanigusa kichwani pale nywele zilipoanza kuota upya, akafuata kovu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliguna kidogo. Sijui kama kilikuwa kicheko. Mumewe alikuwa ameketi nje ukutani, juu ya kigoda chake, hajui amwangalie nani. Walikuwa wanamtafutia gari la kumpeleka Nairobi. Alikufa kabla gari halijapatikana, na mumewe akamzika huko huko Lodwar, kwa kuwa safari ya kurudi ilikuwa ndefu kwa maiti na joto.

Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwa ajili yangu mwenyewe. Kisha nikarudi Kakuma, kwa kuwa ilikuwa wiki ya mitihani.

Muda ukapita. Siku moja daktari akarejea Turkana na habari zikasambaa mjini kwamba amepewa tuzo. Chama cha wanasayansi wa picha za ubongo kilikuwa kinatoa tuzo kila mwaka, katika mji fulani wa baridi, na mwaka ule tuzo ya wanasayansi vijana ilikuwa yake. Hospitali ikaamua kumfanyia sherehe kwenye ukumbi wa chakula. Mimi na mama tulialikwa kama wagonjwa, na watu wengine wengi walikuja kama wanywaji wa soda.

Tuzo ilikuwa kipande cha kioo kizito kilichosimama juu ya mbao. Ikapitishwa mikononi. Mama aliipima uzito, akaniuliza wanaipikia nini.

Ofisa mmoja wa wilaya alihutubia kwanza. Hakuwa amepata maelezo ya kutosha, lakini alikuwa na sauti. Akatangaza kwamba ubongo wa Turkana umekuwa nambari moja duniani. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia.

Kisha daktari akasimama. Alieleza kwa Kiswahili rahisi, muuguzi akitafsiri. Akasema wengi waliopewa tuzo pamoja naye hupiga picha watu wasioumwa, wanawaambia wafikirie jambo fulani, na kuona sehemu gani ya ubongo inafanya kazi.

"Mtu asiyeumwa anakwenda kwa daktari kufanya nini?" mama akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Anafikiri," nikamjibu.

Jenereta likawashwa, mapazia yakavutwa, na picha mbili zikatokea ukutani bega kwa bega. Kushoto lilikuwa duara kubwa. Kulia lilikuwa dogo. Nilijua mara moja. Daktari akaanza kueleza jinsi picha kama hizi zinavyosaidia kuujua ugonjwa mapema, na hakutaja mtu, kama alivyoahidi. Mama akasimama.

"Huyu wa kushoto ni wangu," akasema. "Namjua kwa umbo la kichwa. Alinipa shida siku ya kutoka."

Ukumbi ukacheka. Daktari naye akatabasamu, akajaribu kuendelea.

"Na huyu wa kulia," mama akasema, bado amesimama. "Naye amekuja?"

Muuguzi akatafsiri. Daktari akavua miwani.

"Hapana, mama. Huyo alifariki."

"Ana watu wake?"

"Anao."

"Wanajua mmepewa zawadi kwa ajili ya kichwa chake?"

Yule ofisa akatazama chupa yake ya soda.

"Bado," daktari akasema.

"Basi," mama akasema, akaketi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwambia jirani kwamba ameacha zizi wazi.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuja nyumbani kwetu na gari, akaniomba niende naye Kaaleng kumtafsiria. Mama akanipa tumbaku ya kupeleka, akisema hatuendi mikono mitupu kwa mfiwa hata kama tumechelewa. Njiani daktari aliuliza, "Unafikiri atanifukuza?" Nikamwambia sijui, mtu anayekuja na tumbaku hafukuzwi mara moja.

Mzee, mume wa marehemu, tulimkuta kisimani, akinywesha mbuzi. Alinikumbuka. Alimaliza kunywesha kwanza, wote, kisha akatuongoza kivulini na kuweka kigoda chake chini. Tumbaku akaipokea. Daktari akaeleza kila kitu: picha, chama, tuzo, jina lisilotajwa. Nikatafsiri.

"Nayo picha unayo?" mzee akauliza.

Alikuwa nayo, kwenye bahasha kubwa. Mzee akaishika kwa ncha za vidole, akainyanyua juu kuelekea mbinguni mwanga ukapita ndani yake.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ni ndani ya kichwa chake," nikasema.

"Na hiki cha mviringo?"

"Ndicho kilichomuua."

Mbuzi mmoja akaja kunusa bahasha, akafukuzwa.

"Mbona ni kidogo?"

"Naye alisema hivyo."

Daktari akasema kwa Kiswahili kwamba alipaswa kumzuia asiondoke Nairobi. Nikatafsiri. Mzee akashusha picha.

"Ungemzuia vipi? Mimi nimekaa naye tangu tukiwa vijana, sijawahi kumzuia hata kwenda kwa dada yake."

Hapo daktari akalia. Mzee akamwacha alie, hakumwambia anyamaze. Halafu akaomba kuona hiyo zawadi. Daktari aliitoa ndani ya sweta aliyoifungia. Mzee akaigeuza, akachungulia upande wa pili, akaona mkono wake umekuwa mkubwa.

"Wamekupa kwa kazi gani hasa?"

"Kwa kuona ugonjwa ukiwa bado mdogo."

"Na ugonjwa huu unaweza kuwa kwa wengine hapa?"

"Unaweza. Wengi wanao tumboni hawajui."

"Basi," akasema, akamrudishia kioo chake, "anzia kwa hawa."

Akaita. Wakatoka watu ambao sikujua walikuwa karibu: wanawe, mama mkwe, na dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye macho yaleyale ya utani. Daktari akasema mashine ya kuangalia tumbo iko Lodwar, na gari lina nafasi. Wakaingia wote, na mbuzi mmoja wa kula njiani.

Watoto walikuwa salama. Dada alikutwa na mfuko kwenye ini. Aliambiwa atapasuliwa, akamtazama shemeji yake, shemeji akatazama pembeni, naye dada akakubali. Upasuaji ukaenda vizuri. Ilibidi alale hospitalini kwa muda, na kila nilipotoka Kakuma kwenda kumjulia hali alikuwa na lalamiko lilelile kuhusu maharagwe: yana mawe, hayana chumvi, kwao hata mbuzi hawezi kupewa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikachukua sahani kwenda kuiosha. Ilikuwa tupu kila mara.